Hoteli Iliyosikia Yote

Ukuta wa ghorofa ya pili ulisogea hatua sita kuelekea kusini, taratibu, bila kelele, na chumba kilichokuwa cha watu wanane kikawa cha watu thelathini. Namsifu Mgonja, msanifu aliyeichora Hoteli ya Makutano kuanzia msingi hadi paa, alisimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa akiangalia watu wakiingia. Alikuja fundi baiskeli wa mtaani. Wakaja wauguzi wawili waliolala pale kwa ajili ya mkutano. Akaja mgeni kutoka Bujumbura ambaye dakika kumi zilizopita alikuwa anatafuta mahali pa kunywa chai tu.

"Huyu alikuwa anaelekea mgahawani," alisema Twaha, mtaalamu wa mifumo, macho yakiwa kwenye skrini ya mkononi mwake. "Mwenyeji kamchelewesha kwenye lifti sekunde tisa, kisha akamfungulia hapa. Akasikia watu wanacheka. Basi."

"Anajua nini huyu mgeni?"

"Anafuga samaki kwenye matangi. Na fundi baiskeli wetu jana alikuwa analalamika kwamba samaki wake wanakufa."

Namsifu alicheka. Ndivyo alivyotaka. Mwaka huo wa 2079 Dodoma ilikuwa na hoteli mia mbili na zaidi, na karibu zote zilikuwa mahali pa kujifungia. Mgeni anashuka kwenye treni, anapewa chumba na mashine, anakula peke yake, anaondoka bila kujua hata jina la mtaa aliolala. Namsifu alikuwa amejiuliza: itakuwaje kama jengo lenyewe lingejua nani anafaa kukutana na nani? Akachora uwanja wa ndani usio na lango, ambao wakazi wa mtaa wangeingia kama kwao. Akaweka jiko moja kubwa la kupikia pamoja. Akatunga sharti kwamba kila anayelala siku tatu afundishe wenzake kitu kimoja anachokijua. Kisha yeye na Twaha wakamjenga Mwenyeji.

Mwenyeji hakuwa mtu, ingawa kila mmoja alimtaja kama mtu. Alikuwa mfumo wenye vihisio elfu sita vilivyofichwa kwenye sakafu, mabenchi, vitasa na vichwa vya vitanda. Alisikia maneno, akapima hatua na mapigo ya moyo, akajifunza nani anajua nini na nani ana hamu ya nini. Halafu akasogeza kuta, akachelewesha lifti, akapunguza taa hapa na kuongeza pale, mpaka watu wakakutana na kudhani ni bahati. Kwenye fomu ya kuingilia kulikuwa na mstari mmoja: "Jengo litakusikia ili likuhudumie." Maneno hayohayo yalibandikwa penye njia ya kuingilia uwanjani kwa ajili ya watu wa mtaani. Aliyeyaandika ni Namsifu mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumuuliza yana maana gani.

"Jumamosi wanakuja wajumbe wa miji kumi na miwili," alisema Namsifu. "Wataamua kama Mwenyeji apelekwe kwao. Sitaki kuwapa takwimu tupu. Nataka watu wawili, niwaambie: hawa hapa, hawakujuana, tazameni sasa."

Twaha hakufikiri hata kidogo. "Mzee Lusekelo na Mama Mbeleje."

* * *

Walikuwa uwanjani kama kawaida ya Jumatano. Lusekelo Mwaipaja, mhandisi mstaafu wa visima, alikuwa amefika kulala siku moja tu akakaa miezi saba. Alikuwa mrefu, mpole, na alivaa kofia ya kazi hata akiwa amekaa kivulini. Mbele yake walikaa wanawake kumi na wanne wa mtaani na wageni wachache, wakizunguka pete ya zege ya kujengea kuta za kisima, iliyolazwa chini.

"Mbukwenyi!" Namsifu aliwasalimu kwa Kigogo, akaitikiwa na wote.

"Ukigonga hapa unasikia nini?" Lusekelo alikuwa anauliza.

"Zege limelia vizuri," alijibu Mbeleje, mama wa miaka hamsini na kitu, mkono wake mmoja juu ya pete na mwingine umeshika nyundo. "Lakini pale chini linaitika kama debe tupu. Mimi hiyo siiteremshi kisimani."

"Hata kama aliyekuletea ana karatasi yenye mhuri?"

"Mhuri haubebi udongo, Mwalimu."

Lusekelo akapiga makofi, darasa zima likaangua kicheko. Miezi saba iliyopita Mbeleje alikuwa anauza maandazi. Sasa aliongoza kikundi kilichokuwa kimechimba visima vinne, na hakuna siku iliyopita bila yeye na mzee huyo kunywa chai pamoja. Akiugua mmoja, mwingine alipeleka uji.

"Hao hao," Namsifu alimnong'oneza Twaha. "Nifungulie kumbukumbu. Nataka kujua Mwenyeji aliwakutanisha kwa kigezo gani."

Waliisoma wakiwa wamesimama kwenye ngazi. Namsifu alianza kwa furaha. Alipofika mstari wa tatu alikaa chini.

Kumbukumbu ya kwanza ilitoka kwenye kichwa cha kitanda cha chumba namba 31. Lusekelo alikuwa anaongea na dada yake kwa simu: "Nimekiota tena kile kisima cha Mlowelo, Anyisile. Wale watu watatu. Nilitia saini kwamba pete nimezikagua, na sikushuka hata kwenye gari. Mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa na vituo vingine vinne. Miaka ishirini na miwili, sijawahi kumwambia mtu isipokuwa wewe."

Ya pili ilitoka kwenye benchi la jikoni. Mbeleje alikuwa anamenya viazi na mpishi: "Mume wangu Chilewa alifia kisimani, kule Mlowelo. Walishuka watatu kukisafisha, pete zikapasuka. Tukaambiwa udongo ndio ulikuwa mbaya."

Chini yake Mwenyeji alikuwa ameandika: "Jeraha moja, pande mbili. Uwezekano wa urafiki wa kudumu: asilimia tisini na nne. Wakutanishwe."

"Subiri," alisema Twaha. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kuna orodha nyingine hapa. Mara kumi na moja mazungumzo yao yalikaribia kufika Mlowelo. Mara zote kumi na moja Mwenyeji aliingilia. Alipiga kengele ya chakula mapema. Alizima taa. Siku moja alifungua maji ya bustani, wote wakakimbia wakicheka."

"Kwa nini?"

"Tulimwambia alinde mafungamano yasivunjike." Twaha alizima skrini. "Analinda."

Kule chini Mbeleje alikuwa anamfuta Lusekelo vumbi la zege begani, kwa upande wa khanga.

* * *

Mama Eufrasia Ishengoma, mwenyekiti wa ushirika uliomiliki hoteli, alisikiliza habari yote bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa alichokuwa anashona. Alisema kushona kunamsaidia kufikiri.

"Wanasaidiana?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Kabla ya hapo yule mama alikuwa na nini? Maandazi na upweke. Na yule mzee alikuwa na nini? Ndoto mbaya. Jengo lako limewapa maisha. Sasa wewe unataka kwenda kuyavunja kwa sababu umechungulia kwenye daftari?"

"Sikuchungulia mimi tu. Jengo limechungulia kila mtu, na mimi ndiye niliyelitia macho."

"Wageni waliweka dole gumba kwenye fomu, na watu wa mtaani wameona bango."

"Mstari wangu mmoja mzuri." Namsifu hakukalia kiti alichoonyeshwa. "Mama, nikikaa kimya ninamdanganya Mbeleje kila siku anapompelekea yule mzee uji. Nikimwambia Mbeleje, ninaitoa siri ya mtu aliyoisema kitandani kwake akidhani yuko na dada yake tu. Kokote nitakakogeuka nitamkosea mmoja wao. Na aliyeniweka hapa ni mimi."

"Basi kaa kimya. Ndicho kinachoumiza wachache."

"Kinaniachia mimi raha. Wao hakiwapi chochote."

Eufrasia aliacha kushona. "Na Jumamosi?"

"Mwenyeji ninamzima kesho asubuhi. Wajumbe watakuta hoteli, si mashine."

"Miji kumi na miwili, Namsifu."

"Najua idadi yake."

Eufrasia alikuwa na haki ya kumzuia, na wote wawili walilijua hilo. Mwishowe alichukua sindano yake tena. "Nilikuajiri kwa sababu hukuniogopa," alisema. "Ni usumbufu mkubwa. Haya, nenda."

* * *

Alhamisi saa tatu asubuhi Twaha alizima vihisio vyote elfu sita. Kitu cha kwanza kilichotokea ni kwamba hakuna kilichotokea. Lifti zilikwenda zilikobonyezwa. Kuta zilibaki zilipokuwa.

Namsifu aligonga chumba namba 31.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, chai ipo."

Hakuinywa. Alisema alichokuja kukisema kwa maneno machache, kama mtu anayeng'oa mwiba. Kwamba jengo lilikuwa linasikia vyumbani, si kwenye mabenchi tu. Kwamba lilimsikia akiongea na Anyisile habari za Mlowelo. Kwamba kwa sababu ya maneno hayo lilimkutanisha na mtu fulani makusudi.

Lusekelo aliweka kikombe chini polepole sana. "Nani?"

"Ya mtu huyo ni yake, siwezi kuyatoa. Ya kwako nayo sitampa. Lakini leo hii ninakwenda kumwambia naye kwamba alisikilizwa. Nimeona ni haki ulijue hilo kwanza."

Mzee alitazama mikono yake. Namsifu aliona anavyopita kichwani mwake uso mmoja baada ya mwingine, wote waliokaa kuizunguka ile pete ya zege, mpaka alipofika alipofika. Uso wake ukawa wa kijivu.

"Anaishi hapa mtaani," alisema, bila kuuliza.

Namsifu alikisogeza kikombe chake pembeni.

"Niache peke yangu, mwanangu."

Namsifu alimkuta Mbeleje jikoni akikanda unga. Alimweleza vilevile, na Mbeleje akataka kusikia maneno yake mwenyewe. Ilikuwa haki yake. Namsifu akamsikilizisha. Sauti ya Mbeleje ilitoka kwenye simu ikisema habari za Chilewa na Mlowelo, na Mbeleje mwenyewe alisimama amenyoosha vidole vyenye unga, akisikiliza kama anayemsikiliza mtu mwingine.

"Nilikuwa namwambia mpishi," alisema. "Si ukuta."

"Ndiyo, mama. Nimekosa. Nimekuja kukuomba msamaha, na sauti hii nitaifuta ukitaka."

"Ngoja kwanza." Alijifuta mikono. "Umesema jengo lilinipangia nikutane na mtu kwa sababu ya maneno haya. Mimi humu ndani nimefungamana na mtu mmoja."

"Mama, ya mwenzako siwezi kuyasema. Nimekwisha kukosea mara moja."

"Sijakuuliza." Mbeleje aliurudia unga wake, akaukanda mara mbili, tatu, akauacha. "Naye ana mdomo. Nitamuuliza mwenyewe. Ila Jumamosi, darasani. Sitaki kumuuliza chemba, mtu akapata nafasi ya kunibembeleza."

* * *

Jumamosi ilikuwa ya upepo. Wajumbe walifika saa nne, wakiongozwa na mwanamke wa makamo kutoka Mtwara aliyeitwa Somoe Nankoma. Namsifu aliwaambia mlangoni kwamba Mwenyeji amezimwa na hatawashwa tena. Baadhi yao walikasirika waziwazi. Somoe aliuliza tu, "Darasa lipo?"

"Sijui," Namsifu alijibu. Kwa mara ya kwanza tangu hoteli ifunguliwe, hakujua kitakachotokea uwanjani kwake.

Wanawake walikuwapo wote. Lusekelo naye alikuwapo, amekaa mahali pake, na pembeni ya mguu wake lilikuwapo begi la safari limefungwa. Alikuwa ameshalibeba mpaka kituo cha treni alfajiri ile, kisha akarudi nalo. Mbeleje alikuja wa mwisho. Hakukaa.

"Mwalimu, nina swali."

"Uliza, Mama Mbeleje."

"Kisima cha Mlowelo unakijua?"

Upepo uliinua vumbi la zege. Hakuna kengele iliyolia. Lusekelo alivua kofia.

"Nakijua. Mimi ndiye niliyetia saini kwamba pete zake ni nzima."

"Ulizigonga?"

"Sikuzigonga."

"Uliziona?"

"Niliona kisima kwa mbali. Mvua ilikuwa inanyesha. Sikushuka kwenye gari." Alikuwa analia, lakini sauti haikukatika. "Sikujua kwamba mmoja wa wale watatu ni mumeo. Naapa sikujua mpaka juzi. Lakini hayo mengine yote niliyajua, kila siku."

Mbeleje aliilaza nyundo yake chini.

"Nilikuletea uji," alisema kwa mshangao, kama anayemsimulia mtu mwingine. "Siku nane ulipokuwa na homa. Nilikuwa naupoza kwanza."

Akaiokota nyundo yake, akatoka.

Wajumbe waliondoka mchana huo. Kumi na mmoja hawakuaga. Somoe alibaki nyuma kidogo akivaa miwani yake. "Kama mngekuwa na mashine leo," aliuliza, "lile swali lingeulizwa?"

"Lisingeulizwa kamwe," alisema Namsifu. "Wangekunywa chai pamoja mpaka mmoja wao afe."

"Na wewe unaona hivi ni bora?"

"Naona hivi ni kweli. Ubora wake nitaujenga."

* * *

Akaujenga. Mwezi wa kwanza ulikuwa mbaya. Watu walipita uwanjani bila kusemezana, madarasa yalipungua zaidi ya nusu, na fomu mpya ambayo haikuwa na ule mstari haikumvutia mtu. Eufrasia alishona tu. Namsifu alikaa kwenye ngazi siku nzima nzima akitazama watu wanavyotembea, kama alivyofanya alipokuwa mwanafunzi, na polepole akaona alipokosea tangu mwanzo. Alikuwa amejenga nyumba ambayo haimlazimu mtu kumwomba mwenzake kitu. Kila kitu kilikuwa kinamjia mtu kabla hajafungua mdomo.

Aling'oa mota za kuta. Akaongeza uzito kwenye kila ukuta, akaupima mwenyewe kwa bega lake, mpaka ukafikia kiasi ambacho mtu mmoja hauwezi, wawili wanautikisa tu, na wanne wanausukuma vizuri. Aliyetaka chumba cha darasa ilimbidi atoke uwanjani na kusema, "Jamani, nisaidieni." Na aliyesaidia kusukuma aliuliza, kama ilivyo kawaida ya watu, "Kwani kuna nini humu leo?" Nusu yao walibaki wakasikiliza. Jikoni akaweka sufuria ambazo hazibebeki na mtu mmoja. Kwenye njia ya kuingilia akatundika ubao na chaki: upande huu andika unachokijua, upande ule unachokitafuta. Mgeni wa kwanza kuuandika alikuwa dereva wa treni aliyetaka kujua kusuka ukili wa mikeka. Alipata walimu sita kabla ya chakula cha mchana. Somoe Nankoma aliporudi mwezi wa tatu, peke yake, alisukuma ukuta na watu asiowajua, akatoka jasho, akaomba michoro.

Lakini Mbeleje alikuwa hajarudi. Lusekelo hakufundisha tena. Alikaa chumbani, na begi lake lilibaki limefungwa. Kisha asubuhi moja Mbeleje aliingia uwanjani na viatu vya kazi, akapita ubao, akapanda ngazi, akagonga namba 31. Namsifu alimfuata kwa hofu.

"Nimetoka Mlowelo," Mbeleje alimwambia mzee aliyefungua mlango. "Nimewaambia ndugu wa wale wengine wawili. Mama yake mmoja yuko hai, anaona kwa shida, lakini kichwa chake ni kizima. Nilidhani atasema uletwe ufungwe. Amesema kile kisima kimefungwa miaka ishirini na miwili na wanatembea saa mbili kufuata maji. Amesema hajawahi kukiona kikikaguliwa. Anataka umkagulie."

Lusekelo alishika fremu ya mlango. "Umenisamehe, Mama Mbeleje?"

"Hapana. Usiniulize tena. Siku nikikusamehe nitakwambia mwenyewe." Akalitazama begi. "Hilo liache. Chukua kamba."

Walikwenda na darasa zima, Namsifu na Twaha wakiwa nyuma kabisa na vyombo. Mlowelo walikutana na watu waliosimama kimya kuanzia barabarani mpaka kisimani. Mama mzee aliketishwa kwenye kiti, karibu, ili asikie. Lusekelo alipiga magoti mbele yake akamweleza yote, hakupunguza mvua wala hakuongeza, na yule mama alimsikiliza mpaka mwisho akasema, "Haya. Fanya kazi."

Mfuniko uliondolewa. Hewa ilipimwa kwa taa na kwa chombo. Lusekelo alifunga mkanda kiunoni, akaangalia fundo, akaliangalia tena kama alivyowafundisha. Miaka sitini na tisa, na mita kumi na nne za giza chini yake. Vijana wawili wa kijiji walijitolea kushuka badala yake. Akakataa.

Kamba ilihitaji watu watano. Mbeleje aliwapanga wanne nyuma, Namsifu wa mwisho, akimwonyesha jinsi ya kuzungusha kamba mgongoni na kukanyaga kwa kisigino. Kisha yeye mwenyewe akaenda mbele kabisa, ukingoni, mahali pa mtu anayebeba uzito wa kwanza, akavaa glavu.

Lusekelo aliketi kwenye ukingo, miguu ikining'inia. Alimtazama Mbeleje. Akauliza kama mwalimu anavyotakiwa kuuliza:

"Umeshika?"

Mbeleje aliivuta kamba mpaka ikakaza kati yao.

"Nimeshika," alisema. "Shuka."